Kipindi cha Mwisho cha Vumbi la Santuri

Treni haikufika Mpanda kwa wiki ya tatu, na mawe ya redio yakaisha madukani hata kabla ya sukari. Mvua za mwaka ule, zile ambazo watu walizipa jina la kigeni wakalizoea kama jina la jirani, zilikuwa zimekula tuta la reli huko njiani, na kila aliyetoka stesheni alirudi na neno lilelile: subirini. Watu wa Magamba walisubiri. Uji waliunywa bila sukari. Mafuta ya taa waliyabana, wakawa wanakula mapema na kulala mapema. Lakini Marsela, mke wa Damiano Kasonso, hakuwa na namna ya kusubiri, maana Jumapili iliyokuwa inakuja haikujua habari za reli.

Barua ya Damiano ilikuwa imewahi kupanda treni ya mwisho kabla njia haijakatika. Iliandikwa Dar es Salaam kwa mkono ulionyooka, maneno machache kama kawaida yake. Alisema kwamba miaka hamsini na mitano ya kustaafu imetimia, kwamba Jumapili ya mwisho ya Januari ataendesha kipindi chake cha mwisho, kisha atakabidhi ufunguo wa kabati la santuri na kuanza safari ya kurudi nyumbani moja kwa moja, reli ikipona. Chini kabisa aliongeza mstari mmoja: Sikiliza hiki cha mwisho. Usikose.

Marsela aliusoma mstari huo mpaka karatasi ikaanza kuchanika kwenye mkunjo. Miaka ishirini na minne mumewe hakuwahi kumwambia asikilize. Alijua anasikiliza.

Nani hakusikiliza? Kila Jumapili saa nane mchana, masufuria yakiwa bado hayajaoshwa, Magamba ilinyamaza. Kwanza ulisikika mpulizo, fuu, Damiano akipuliza vumbi juu ya santuri mbele ya kipaza sauti, na watoto wote wa kata ile waliupuliza pamoja naye. Kisha ile sauti nzito isiyo na haraka: "Hili ni Vumbi la Santuri. Kaa, hakuna anayekufukuza." Hakuwa mtu wa kupiga nyimbo tu. Kila santuri aliifungua kama mtu anayefungua sanduku la marehemu, kitu kimoja kimoja, kwa heshima. Alikwambia bendi ilirekodi wapi, nani aliazima gitaa, nani alikuwa na homa siku ile na bado akaimba. Likizo zake nyingine alizimalizia kwenye mabehewa, akimtafuta mzee fulani aliyepiga tumba mwaka wa sitini na tatu na jina lake halikuandikwa kwenye jalada. Akimpata, Jumapili ifuatayo alimtaja. "Hakuandikwa," alisema. "Leo namwandika."

Robo saa ya mwisho ilikuwa ya salamu. Watu walinunua kadi iliyopigwa chapa, yenye mistari kumi ya majina na mmoja wa ujumbe, wakaijaza na kuipeleka posta. Damiano alizisoma kwa zamu ya muhuri wa posta, asiruke hata moja, na zamu hiyo ilichukua miezi. Ukisalimiwa na huna redio, aliyesikia alikuja kukwambia. Hiyo haikuwa hisani, ilikuwa wajibu, kama kumrudishia mtu mbuzi wake aliyepotea. Mabula Ngusa, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia ng'ambo ya mto na ng'ombe wake, aliwahi kufuatwa nusu siku kwa miguu na mtu asiyemjua, kuambiwa tu kwamba kaka yake yuko hai Shinyanga na anamsalimu. Toka siku ile Mabula alisema salamu za mtu hazilali kwake.

Basi wote walisalimiwa. Muuza dagaa wa sokoni alisalimiwa, katekista alisalimiwa, hata mlevi mmoja wa Kibaoni alisalimiwa na wenzake kumi. Ni Marsela tu, mke wa mwenye kipindi, ambaye jina lake halikuwahi kutoka kwenye redio ile.

Jumamosi asubuhi alimfunga jogoo miguu, akamtia kapuni, akashika njia ya mjini. Matope yalikuwa yanavuta kandambili, mwishowe akazishika mkononi. Maduka manne ya kwanza yalimjibu kabla hajamaliza kuuliza. La tano lilikuwa la Celestin, mwanaume mnene mwenye kofia ya sufu, anayejua habari za mji mzima kwa sababu mji mzima hukaa kwenye benchi lake. Siku hiyo walikuwepo watu watano wanajikinga na mvua.

Marsela aliuliza mawe manne. Celestin akasema hata la dawa hana. Marsela akasogea karibu na kaunta, akashusha sauti.

"Mimi ni mke wa Damiano Kasonso. Yule wa Vumbi la Santuri. Kesho ndiyo mwisho wake."

Celestin aliacha kupima chumvi. Alimtazama kuanzia miguu yenye matope mpaka kwenye kapu la jogoo, na watu wa benchi wakamtazama vilevile.

"Mama, wake za Damiano wamekuwa wengi mji huu," alisema bila ubaya wowote. "Mwezi uliopita alipita mmoja anataka nimkopeshe sabuni."

"Mimi ndiye."

"Haya. Sasa mbona hajawahi kukusalimu? Mimi hapa nimesalimiwa mara mbili, na nina kadi yangu nyingine ipo foleni."

Benchi lilicheka. Hawakucheka kwa ukali, lakini Marsela alihisi uso unamwaka. Swali lile hakuliokota pale dukani. Alikuwa nalo miaka mingi, na jibu lake hakuweza kulieleza mbele ya watu wanaojikinga na mvua.

Alikuwa amewahi kumuuliza Damiano mwenyewe, likizo moja, wanapanda mahindi. Nitaje hata mara moja, alimwambia, watu wanasema vibaya. Damiano alisimama, akaegemea jembe. Alimweleza kwamba mtu wa Songea amenunua kadi, amenunua stempu, anangoja miezi sita. "Yule ni abiria aliyekata tiketi. Dereva hampandishi mkewe kwenye kiti cha mtu kwa sababu tu usukani uko mikononi mwake." Marsela akamwambia basi nitakuandikia kadi mimi, niwasalimu watu. Damiano akacheka, akasema ataisoma zamu yake ikifika. Lakini kusalimu hakukuwa kusalimiwa, na Marsela hakuiandika kadi hiyo. Palizi ilipoanza Damiano alikuwa amesharudi Dar, na waliokuwa wakisema wakaendelea kusema: mwanaume mwenye sauti kama ile hawezi kuwa anakaa peke yake huko pwani. Anamficha huyu wa shamba asimuudhi yule wa mjini.

Marsela alinyanyua kapu lake aondoke. Celestin akamwita. Alikuwa ameivuta tochi yake toka chini ya kaunta, anaifungua kitako.

"Chukua haya mawili. Yamebaki nusu. Na jogoo wako rudi naye."

"Nitakulipa nini basi?"

"Sikupi kwa sababu nimekuamini, mama. Nakupa kwa sababu kesho ni siku ya Damiano. Mtu yule amenifundisha nyimbo za baba yangu."

Nyumbani kulikuwa na mawe mawili mengine, yamechoka, yalishaanikwa juani na kutafunwa kitako mpaka yakawa na alama za meno ya kila mtu. Jua halikuwepo. Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Marsela aliyapanga yote manne juu ya tofali karibu na moto, akawa anayageuza kama mahindi ya kuchoma. Evaline, binti yake, aliyekuwa nyumbani anangoja matokeo ya kidato cha nne, aliyashika moja moja na kutikisa kichwa. Alimweleza mama yake kwamba mawe ya namna hiyo hayawezi kumaliza saa nzima. Akashauri wasifungue redio mpaka saa tisa kasorobo, wasikie salamu na kuaga, basi. Marsela alikubali. Lilikuwa wazo la mtu aliyekwenda shule.

Walipotoka kanisani, jirani yao Scola aliwasubiri kwenye ua wa minyaa unaotenganisha nyumba mbili. Scola hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kulala hospitali na Marsela siku tatu Evaline alipougua. Ila mdomo wake ulitangulia, akili ikafuata baadaye kwa miguu.

"Mama Evaline, njooni kwangu. Mwanangu kaleta mawe mapya toka Sumbawanga, redio inalia mpaka kisimani. Watu wote wanakuja. Leo tusikie wenyewe kama utasalimiwa au ndo basi tena."

Marsela alishukuru, akasema mama mkwe wake hawezi kutembea kwenye matope. Hilo lilikuwa kweli. Bibi Lusia, mama yake Damiano, alikuwa na macho yaliyofunikwa ukungu na miguu isiyotaka safari. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa mwingine. Kama Damiano atamaliza kazi yake na kuaga nchi nzima bila kumtaja, Marsela hakutaka macho thelathini yamtazame wakati huo. Alitaka alie kwake, mlango umefungwa.

Saa nane ilipofika, redio ilikuwa juu ya kigoda, imenyamaza. Bibi Lusia alikuwa ameshaletwa kwenye mkeka na amegeuza sikio. Walisikia kwa mbali, kwa Scola, watoto wakipuliza, fuu.

"Mtoto ameanza," alisema Bibi Lusia. "Mbona hamumfungulii?"

Evaline alimweleza habari ya mawe. Bibi hakuelewa, au alielewa akakataa. Kila Jumapili alizungumza na redio ile kama mtu anayezungumza na mwanawe mlangoni. Alimuuliza amekula, akamuuliza kama kifua kimepona, na Damiano alipopumzika kati ya sentensi Bibi alichukulia kwamba anawaza jibu. Alianza kulia, polepole, bila kelele. Marsela akanyoosha mkono. Alijiambia ni kidogo tu, wimbo mmoja wa Bibi, kisha atafunga.

Sauti ilikuja, imechoka kidogo lakini ni yeye. Alikuwa anasimulia habari za fundi cherehani mmoja wa Tabora, aitwaye Antoni, ambaye mchana alishona suruali na jioni alipiga besi, na alipokufa walimzika na futi yake shingoni kwa sababu hakuna aliyejua gitaa lilikwenda wapi. Damiano alikuwa amemtafuta mjane wake miaka tisa. "Msikilizeni Antoni hapa," alisema, "baada ya ubeti wa pili. Wengine wote wanakimbia, yeye anatembea." Na kweli, baada ya ubeti wa pili, Marsela akamsikia mtu anatembea.

Evaline alinyoosha mkono kwenye swichi.

"Acha kidogo," alisema Marsela.

Ukaja wimbo wa pili. Damiano alieleza jinsi alivyoupata umeegemezwa kwenye dirisha la nyumba ya kulala wageni mahali pa kioo kilichovunjika, na jinsi alivyoiosha santuri ile kwa maji ya uvuguvugu na kipande cha khanga. Alijua mahali penye mkwaruzo. Aliwaambia wasikilizaji, sasa unakuja, vumilieni, na ulipokuja aliinyanyua sindano kwa kidole chake na kuivusha, ule wimbo usipoteze hata pumzi. Ukaja wa tatu. Evaline alimtazama mama yake na kuona hakuna kitakachofungwa pale. Marsela alikuwa amekaa, mikono mapajani, machozi yanashuka bila yeye kuyashughulikia. Kwa miaka yote alijua kwamba watu walimpenda mumewe. Mchana ule alielewa kwa nini, na moyo ulimjaa hata ile hasira yake ya zamani ikakosa pa kukaa. Huyu mtu alikuwa amezunguka nchi nzima kuwatafuta waliosahauliwa. Ni kazi kubwa, aliwaza, hata kama mimi sikuwemo.

Saa tisa kasorobo Damiano akasema, "Nafungua mfuko wa kadi. Leo naumaliza wote." Sauti yake sasa ilikuwa nyembamba, kama inatoka chini ya debe. Kadi ya kwanza ilitoka Kasulu. Ya pili ilitoka Mamba, mkulima wa mpunga anamsalimu mkwe wake. Ya tatu wakasikia nusu. Marsela alishika redio, akaiweka sikioni, akasikia mumewe anapungua, anapungua, halafu hakusikia chochote.

Evaline aliyatoa mawe, akayatafuna, akayasugua kwenye khanga, akayarudisha. Redio ilitoa mkwaruzo mmoja ikanyamaza kabisa. Akainuka akimbie kwa Scola. Mama yake akamshika mkono.

"Kaa na bibi yako. Nitakwenda mimi."

Alikwenda, lakini hakufika mlangoni. Alisimama kwenye ua wa minyaa, upande wake, na toka pale aliona migongo ya watu imejaa baraza. Redio ya Scola ilikuwa inalia, lakini maneno yalizamishwa na kelele. Watu walikuwa wanacheka. Mtu mmoja alipiga makofi, mwingine akasema, "Heee, Mama Evaline," na kicheko kikapanda upya. Kisha ukaja muziki wa kufungia kipindi, ule anaoujua kama hatua za mumewe.

Marsela aligeuka. Hakuhitaji kuambiwa. Kumbe amemaliza, na watu wanacheka.

Alipoingia ndani, mvua ilishuka kwa ghadhabu, ikapiga mabati mpaka watu watatu ndani ya chumba kimoja hawakuweza kusikilizana. Ilinyesha saa nzima na zaidi. Marsela alivuta ungo, akaanza kuchambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa. Evaline alisogea karibu yake.

"Mama, labda alikutaja. Hatukusikia."

"Angenitaja wasingecheka." Alitupa jiwe moja dogo nje ya mlango. "Mimi simlaumu baba yako. Alisema hapandishi mtu bila tiketi, na hajampandisha mtu. Nani mwingine unayemjua amekaa na neno lake miaka ishirini na minne? Ila nilitaka nilisikie jina langu, Eva. Mara moja tu. Watu nao wasikie."

Akaurudia ungo. Bibi Lusia alikuwa amesinzia, sikio bado limeelekezwa kwenye redio.

Mvua ilipokatika, wa kwanza kuingia alikuwa Scola. Hakubisha hodi. Khanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza mdomo wake haukutangulia. Alisimama mlangoni, akatazama ungo, akatazama redio iliyofunguliwa mgongo.

"Nyie hamkusikia?"

"Mawe yaliisha," alisema Evaline.

"Yesu wangu. Na mimi nimekaa nakusubiri uje unitambie." Scola alikaa chini, kwenye sakafu tupu. "Mama Evaline, umesalimiwa."

"Scola, leo usinitanie. Leo tu."

"Nakuapia kwa marehemu mama. Umesalimiwa, tena siyo mara moja. Mara tatu. Watu walicheka kwa furaha mpaka tukashindwa kusikia mengine."

Marsela aliweka ungo chini. Alimtazama jirani yake usoni, akitafuta ule ukope unaochezacheza Scola anapotania. Haukuwepo. Kabla hajauliza, walifika wanawake wawili wa kwaya waliokuwa wamekwama mjini kwa mvua. Wao walisikilizia dukani kwa Celestin. Walisema ni mara saba, wamehesabu. Scola akasema haiwezekani. Wakaanza kubishana pale pale, kila mmoja akitetea hesabu yake, na mmoja wao akakumbuka mzigo, akafungua pindo la khanga na kutoa mawe mawili mapya, ya kung'aa.

"Celestin ametoa haya. Kumbe alikuwa nayo. Amesema tukwambie sasa amekuamini, na anakuomba msamaha mbele ya benchi lake lote."

Watu waliendelea kuja. Kila aliyekuja alianza na neno lile, umesalimiwa, kama anavyopaswa, akamkabidhi Marsela kipande alichoshika. Mmoja alishika kwamba Magamba ilitajwa. Mwingine alishika kwamba Damiano alikohoa kabla. Wa tatu alijua palikuwa na kadi, lakini kadi ya nani hakujua. Marsela aliwapa viti mpaka vikaisha, akawapa mkeka. Alikuwa na furaha, na katikati ya furaha ile alikuwa na njaa ya kitu kizima, maana baada ya miaka yote hii hakutaka kuletewa mumewe vipandevipande.

Jua lilikuwa linazama pale baiskeli ilipoegemezwa nje. Aliyeingia alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua la zamani, matope mpaka mapajani. Alivua kofia.

"Mwadila, mayu," alisema, akimsalimu mama mwenye nyumba kwa Kisukuma. "Mimi Mabula Ngusa. Ninatoka ng'ambo. Mto umejaa, nimebeba baiskeli kichwani. Nimeleta mzigo wako."

Walimpa kiti. Alikataa. Alisema mzigo ni mrefu, na yeye hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo alichosikia amekiweka kichwani kama anavyoweka rangi za ng'ombe wake, na akikaa anaweza kumwaga kimoja. Hata Scola alinyamaza. Mabula alifumba macho, na alipofungua mdomo Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisukuma kilijaribu kwa nguvu zote kutembea taratibu kama Damiano.

"Alisema hivi. Mfuko umebakiwa na kadi moja. Hii imegongwa muhuri wa posta tarehe kumi na nne mwezi wa sita, mwaka uliopita. Imekaa foleni miezi saba na nusu, kama kadi za watu wengine, haikuruka mtu. Imetoka kwa Damiano Kasonso, wa Dar es Salaam. Kanunua kadi mwenyewe dukani, kanunua stempu mwenyewe, kaitia kwenye sanduku la posta mwenyewe. Alisema, wasikilizaji mtanisamehe, leo na mimi ni abiria."

Evaline alishika mdomo. Marsela hakusogea.

"Halafu akasoma majina." Mabula alinyoosha mikono yote miwili mbele, vidole kumi, vyenye matope. Akakunja kimoja. "Wa kwanza, Marsela, aliyeko Magamba, Mpanda." Akakunja cha pili. "Wa pili, Marsela, aliyeko Magamba, Mpanda. Wa tatu, Marsela, aliyeko Magamba, Mpanda."

Hakuharakisha hata mmoja. Wa nne. Wa tano. Watu walianza kucheka tena kile kicheko cha mchana, na safari hii Marsela alikijua. Kwenye wa saba wanawake wa kwaya walimtazama Scola. Kwenye wa tisa Scola alikuwa analia waziwazi. Mabula alikunja kidole cha mwisho, akabaki na ngumi mbili zilizofumbwa mbele yake kama mtu aliyeshika kamba.

"Wa kumi, Marsela, aliyeko Magamba, Mpanda. Mistari ikaisha."

"Na ujumbe?" aliuliza Marsela. "Kadi ina mstari wa ujumbe."

"Upo, mayu. Alikohoa kwanza. Ujumbe wake ni huu: Nisamehe, foleni ilikuwa ndefu."

Marsela alijifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Bibi Lusia alikuwa ameamka zamani. Alipapasa hewani mpaka akampata Mabula kwenye mkono.

"Na mimi mama yake, hakunitaja?"

Mabula alisita. Alisema hapana, bibi, mzigo ndiyo huo wote.

Bibi Lusia aliwaza. "Amefanya vizuri," alisema mwishowe. "Angeniweka mimi, zingebaki tisa."

Evaline alikuwa ameshaweka mawe mapya kwenye redio, lakini Jumapili ile Vumbi la Santuri halikuwa tena kwenye redio yoyote, na lisingerudi. Marsela alijifuta uso. Aliinuka, akamletea mgeni wake maji ya kunawa mikono, akammiminia mwenyewe mpaka matope yote yakatoka kwenye vidole. Kisha akakaa mkekani mbele yake, miguu ameinyoosha, kama anavyokaa kila Jumapili saa nane mchana.

"Rudia, Mabula," alisema. "Anzia wa kwanza."